Ukuta Uliositiri Sufuria ya Pili

Mliokuwa nami tangu mwanzo mnajua nilipowaacha: mama yangu mzazi yuko kwenye kochi lake, kijiko mkononi, na ameuliza swali. Wewe uliyenunua gazeti leo tu, nitakusimulia kwa ufupi, maana hata mimi nimechoka kuyasikia haya.

Mimi ni mwalimu wa udereva. Wanafunzi wananiita Mwalimu Breki, kwa kuwa breki ndiyo kitu pekee kilicho upande wangu wa gari. Nilikopa kazini nikavunja ukuta uliotenga jiko na sebule, kwa sababu bosi wangu naye hana ukuta kwake. Fundi aliahidi wiki tatu, akachukua miezi minne. Tulipikia nje kwenye kibanda cha mabati, tukala vumbi, mke wangu akakohoa mpaka sauti ikakauka.

Kazi ilipoisha tulikuwa na kaunta ndefu nyeusi inayong'aa, viti virefu vinne ambavyo mama hawezi kuvipanda, na jiko la gesi katikati ya kaunta, likitazama sebule. Hilo la jiko lilikuwa wazo langu. Nilitaka mpishi aone televisheni. Sikufikiria kwamba anayetazama televisheni naye atamwona mpishi.

"Ile sufuria ndogo ni ya nani?" aliuliza mama.

Basi sikilizeni habari ya sufuria hiyo.

Miaka minne iliyopita mama alianguka bafuni. Daktari akampima presha, akatikisa kichwa, akaandika dawa, kisha akasema chumvi iishe kabisa. Mama alimsikiliza kwa heshima zote. Tulipofika nyumbani akasema, "Chakula kisicho na chumvi ni cha wagonjwa. Mimi si mgonjwa, niliteleza." Tukampikia bila chumvi, akasukuma sahani. Siku mbili hakutia kitu mdomoni.

Siku ya tatu nilimfuata mke wangu jikoni, nikafunga mlango. Nikamwambia apike sufuria mbili. Kubwa iwe na chumvi, ya nyumba nzima. Ndogo isiwe nayo, ya mama, aitie ndimu, tangawizi na kitunguu saumu mpaka ulimi uchanganyikiwe. Apakulie huko huko.

"Unataka nimdanganye mama yako?" akaniuliza.

"Nataka apone."

"Na siku akijua?"

"Nitasema ni mimi. Lakini wewe usimwambie kamwe. Niahidi."

Akaniahidi. Na mama akala. Siku nyingine alikuwa anasema, "Mwanangu, leo chumvi umeizidisha kidogo," na mke wangu anajibu, "Nisamehe mama, mkono uliteleza." Kliniki presha ikashuka. Mama akasema ni kwa sababu ya kuizunguka nyumba mara mbili kila asubuhi.

Jikoni alikuwa haingii. Siku aliyohamia kwetu alisema jiko lina mwenyewe, na yeye enzi zake lake halikuingiliwa. Kwa hiyo ukuta ule ulikuwa unafanya kazi kubwa kuliko mimi.

Mimi ndiye niliyeianzisha siri, na mimi ndiye niliyeleta nyundo, kwa sababu nilikuwa nimesahau. Ndiyo, nilisahau. Ukimtwika mwenzako kitu miaka minne, unasahau kwamba kina uzito. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, walisema wahenga, nami nilikuwa nikiwafundisha watoto wangu methali hiyo bila haya.

Mke wangu alijaribu kunikumbusha. "Baba watoto, ukuta huu una kazi yake," aliniambia, macho yakielekea kwenye kochi la mama. Nikamjibu kwamba hayo ni mambo ya kizamani.

Sasa turudi Jumamosi ile.

Mama aliuliza, na mke wangu akanitazama. Hakukonyeza, hakuomba. Alisubiri tu nitimize neno langu.

Mama akanigeukia. "Nakuuliza wewe. Sufuria ndogo ya nani?"

Nikakoroga chai ambayo sikuwa nimeitia sukari. Nikasema, "Mama, mambo ya jikoni mimi siyajui."

Nimewahi kufanya mabaya maishani, na mengine mmeyasoma hapa hapa. Hilo ndilo linalonifanya niamke nikiwa nimechoka.

Mke wangu aliweka mwiko chini. "Ni yako, mama."

"Napikiwa kando?"

"Ndiyo, mama."

"Tangu lini?"

"Tangu zamani."

Mama akakiweka kijiko juu ya sahani, taratibu. "Mtu hupikiwa kando akiwa mgeni, au akiwa adui. Mimi hapa ni yupi?"

Mke wangu aliinamisha kichwa. Mama akaisukuma sahani, akaingia chumbani kwake.

Kesho yake asubuhi alitoka akiwa amejifunga kanga kiunoni, akaenda moja kwa moja kwenye kaunta.

"Mama, unatafuta nini? Nikusaidie," alisema mke wangu.

"Hapa si jikoni tena," alijibu mama. "Hapa ni sebuleni. Sebuleni naruhusiwa."

Akapika mwenyewe. Akaufungua mkebe wa chumvi, akachota konzi, akamimina. Akachota tena. Mke wangu alisimama pembeni, kidole mdomoni. Mimi nilikuwa kwenye kochi, nikiona kila punje, maana nyumba yangu sasa haina kizuizi cha macho.

Jumatatu, Jumanne na Jumatano mambo yakawa hivyo hivyo. Mama anapika chake, anakula akimtazama mke wangu, anasema, "Sasa hiki ndicho chakula." Jina la "mwanangu" likafutwa. Mke wangu akawa "huyo mwanamke," na akikasirika zaidi, "mchawi."

Alhamisi nilimtafuta fundi. Tulimbatiza Fundi Kesho, na mnajua kwa nini. Nilimkuta anapaka rangi geti la watu.

"Nataka ukuta wangu," nikamwambia.

"Upi?"

"Ule ule."

Akacheka mpaka akaweka brashi chini. "Mwalimu, matofali yako nilifukia shimo la mtu. Na kaunta ile nimeifunga na sakafu, ukuta utapita wapi? Labda tuanze upya. Mabomba tuyahamishe, na umeme."

"Wiki ngapi?"

"Tatu."

Nikaondoka. Nilipofika nyumbani nilitoa pazia la chumbani kwetu, nikagongelea msumari huku na huku, nikalining'iniza mbele ya jiko. Pazia lenyewe lina maua mekundu. Nikajiona nina akili.

Mama alitoka chumbani, akalitazama lile pazia kwa muda mrefu.

"Kumbe," akasema. "Kumbe mmefikia huko."

"Mama, ni moshi tu. Kuzuia moshi."

"Moshi wa gesi?"

Nikaificha nyundo nyuma ya mgongo. Ukuta mama aliukuta, hakuna aliyemjengea yeye. Pazia lilitundikwa wiki hii, kwa ajili yake. Ndani ya dakika moja alikuwa kwenye simu na dada yangu mkubwa, kwa sauti ya mtu asiyehitaji simu.

"Njoo Jumapili unichukue," alisema. "Hapa sasa napikiwa nyuma ya pazia."

Nililishusha pazia jioni ile ile. Matundu ya misumari yapo mpaka leo kwenye ukuta uliopakwa rangi mpya, rangi niliyoichagua kwa siku nne.

Jumamosi mama alilalamika kichwa. Akasema ni jua. Mke wangu alimletea mashine ya presha, mama akauficha mkono. Akambembeleza kwa nusu saa, huku akiitwa majina. Mwisho mama akakubali, "ili mradi uniondokee."

Mke wangu alisoma namba, akanifuata nje nilipokuwa nasafisha gari. Akanionyesha ile mashine bila kusema. Namba zilikuwa za siku ile ya bafuni.

"Mwambie leo," akasema.

"Kesho dada anakuja. Nitasema mbele ya wote, iishe."

"Nimebeba hii siri yako miaka minne. Nimeitwa mchawi ndani ya nyumba yangu siku saba, nikanyamaza kwa sababu niliahidi. Sasa mama anajiua kwa chumvi ili kunikomoa mimi." Sauti yake haikupanda hata kidogo. "Kesho usiposema, nakwenda kwa kaka yangu. Sikutishi. Nakupa habari."

"Nitasema, mama watoto. Haki nitasema."

Akanitazama kama ninavyomtazama mwanafunzi anayeniambia ameangalia kioo.

Jumapili mchana dada yangu mkubwa alifika. Dada huyu aliniogesha utotoni, na tangu hapo hajaamini kwamba nilikua. Akaizunguka kaunta mara moja, akaigonga kwa kidole.

"Ndiyo hii iliyokula mkopo?" akauliza. Kisha akakaa. "Wifi, hebu njoo. Tuongee kama watu wazima. Mama anasema unampikia kando. Ni kweli?"

"Ni kweli, wifi."

"Unamtilia nini?"

Mke wangu akanitazama. Nikajisafisha koo. Nilikuwa nimepanga maneno tangu alfajiri, nimeyafanyia mazoezi kwenye gari. Nikafungua mdomo.

"Tuanze na dua," nikasema.

Dada akanikata jicho. "Tutaomba baadaye. Wifi, nimekuuliza."

"Simtilii kitu kibaya."

"Basi kula," alisema mama kutoka kwenye kochi. "Umeipika leo? Iko hapo? Kula tukuone."

Sufuria zote mbili zilikuwa jikoni. Hata wiki ile mke wangu alikuwa hajaacha kupika ile ndogo, ingawa hakuna aliyeiomba. Alichukua sahani, akapakua kutoka sufuria ndogo, akaileta sebuleni, akaketi kwenye mkeka mbele ya mama. Akala. Hakula kwa haraka wala kwa kuigiza. Alikula mpaka sahani ikabaki nyeupe, na sisi watatu tukawa tunasikia kijiko tu.

"Umeridhika, mama?" akauliza.

Mama akasita. "Leo umekula kwa kuwa tunakutazama."

"Mama, hiki ndicho chakula changu."

"Nini?"

"Hicho ndicho ninachokula kila siku. Miaka minne. Nilikuwa nakula jikoni nikishawapakulia. Sikutaka ule peke yako chakula cha namna hiyo."

Nilidhani sikusikia vizuri. Dada alikwenda kwenye kaunta, akafunua sufuria kubwa. "Na hii yote ya nani?"

"Ya mdogo wako," alisema mke wangu. "Tangu watoto waende shule ya bweni, ni yake peke yake."

Kumbe nimekuwa nikila sufuria nzima nikidhani ni ya nyumba. Hata siku moja sikuuliza mke wangu amekula nini. Niliona aibu, ndugu zangu, aibu ya kutamani sakafu mpya ipasuke inimeze.

Dada akachota kijiko kutoka sufuria ndogo, akaonja. Akakunja uso. "Mbona hakina chumvi?"

"Kina chumvi," alisema mama.

"Hakina, mama."

"Mimi nakula kila siku. Huwa kinazidi hata."

"Mama, hakina hata punje." Akampelekea kijiko. Mama akaonja, safari hii akionja kweli. Wiki nzima ulimi wake ulikuwa umezoea chumvi ya konzi, kwa hiyo haukudanganyika. Nikaona uso wake ukibadilika. Alikuwa akihesabu. Siku ya daktari, siku mbili za kugoma kula, siku ya tatu.

"Kliniki," alisema polepole. "Zile namba. Si kutembea kwangu."

Dada akakirudisha kijiko kwenye kaunta.

"Nani alikutuma?" akamuuliza mke wangu.

"Mama, niliahidi sitasema."

"Umeitwa mchawi juu ya hilo, na bado husemi?"

"Niliahidi."

Dada akaniangalia. Mke wangu hakuniangalia tena. Alikuwa akiikunja ncha ya mtandio wake. Jamani, nilikuwa na njia bado. Ningeweza kusema ni daktari. Neno hilo lilifika mpaka kwenye meno, lingekuwa nusu ya ukweli, na nusu huwa inanitosha.

"Ni mimi, mama," nikasema.

Ilitoka kwa sauti ndogo, nikalazimika kuirudia. "Ni mimi niliyemwambia apike mbili. Ni mimi niliyemfunga mdomo. Yeye hakutaka."

"Wewe."

"Ndiyo, mama."

"Na Jumamosi ile nilipokuuliza, ukiwa umekaa hapo hapo?"

"Niliogopa."

"Ukaniacha nimtukane mtoto wa watu siku nane."

"Ndiyo, mama."

"Ukaniona naimimina chumvi."

"Nilikuona."

Nilitegemea anipige. Mama yangu hajawahi kushindwa kunipiga, hata nikiwa na mvi. Badala yake alimgeukia mke wangu.

"Na wewe ulinidanganya."

"Nilikudanganya, mama. Nisamehe."

"Ukawa unakula nilichokula."

"Ndiyo."

Mama akajipangusa macho kwa ncha ya kanga. Kisha akasema, "Nipakulie."

"Ile ipi, mama?"

"Unayokula wewe."

Akala nusu sahani, taratibu, akikunja uso kila tonge. "Kibaya," akasema. "Kumbe ni kibaya hivi." Na mke wangu akacheka, mara ya kwanza tangu vumbi la ukuta litulie, halafu kicheko kikageuka kilio na akakificha mikononi.

Hapo nikadhani yamekwisha. Nilisogea, nikakaa kwenye ukingo wa kochi. Nikaanza kusema kwamba nitamwita fundi mwingine, tutafanya hesabu, tutajenga hata nusu ukuta. Nilikuwa naongea sana.

Mke wangu aliinuka, akaingia chumbani. Akatoka na begi. Lilikuwa limefungwa tayari.

"Mama watoto, nimesema!" nikamwambia. "Si uliniambia nisiposema? Nimesema mbele ya wote."

"Umesema baada ya mimi kula mbele ya wote," alijibu. "Nimechoka, baba watoto. Sina hasira. Nataka nikalale mahali ambapo hakuna mtu ninayemfichia jambo."

"Siku ngapi?"

Akaliweka begi mlangoni. Nikamgeukia mama, kama kawaida yangu. "Mama, mwambie. Wewe atakusikiliza."

Mama alikuwa anajiinua kwa mikono miwili. Dada akamkimbilia. "Haya mama, twende zetu. Chumba chako kiko tayari, nimebadilisha mpaka shuka."

"Siendi kwako," alisema mama. "Kwako chumvi nyingi."

"Unakaa, mama?" nikauliza, na sitawaficha, nilifurahi.

"Niletee sanduku langu."

Nikasimama pale pale. Mama akamwuliza mke wangu, "Kwa kaka yako kuna nafasi ya mtu mzee?"

"Mama..." Mke wangu alishika mdomo. "Ipo, mama. Lakini hapa ni kwa mwanao."

"Najua ni kwa nani." Akanitazama kwa muda, jinsi alivyokuwa akinitazama nikileta ripoti ya shule. "Wewe nilikuzaa, huwezi kunipotea. Huyu anaweza. Nitakwenda naye. Siku akirudi hapa, tutarudi wote. Asiporudi, basi nimepata mtoto mwingine uzeeni."

"Mama, watu watasemaje? Mama mkwe anahama na mkwewe?"

"Waambie mambo ya jikoni huyajui."

Dada yangu, aliyekuja kumchukua mama, ndiye aliyebeba begi la mke wangu. Alipita mbele yangu bila neno, na kwa dada yangu kukosa neno ni adhabu. Nikasema nitawapeleka kwa gari. Mama akasema wameshaita teksi. Hakuna aliyekuwa ameita; dada akatoa simu hapo hapo, akaita.

Mama alikaa kwenye kiti cha mlangoni, akanyoosha miguu. Mke wangu akapiga magoti mbele yake.

"Utarudi lini?" nikamuuliza.

Alikuwa ameinama, anamfunga mama kamba za viatu, na hakuinua kichwa.